Hapa Hapasuguliwi

Asubuhi ya singo yangu nilikuwa chooni. Wenzangu huikumbuka siku hiyo kwa nyimbo na harufu ya karafuu. Mimi nakumbuka mlango wa bati wa choo cha mama yangu, wenye matundu matatu, na jinsi nilivyochungulia tundu la chini nikaona miguu ya wanawake wa upande wa Swedi ikiingia uani. Nilihesabu viatu. Vilikuwa jozi tisa. Jozi ya mwisho ilikuwa ya ngozi nyeusi, yenye soli nene, na ilitembea bila haraka yoyote. Hiyo ilikuwa ya Mama Alimasi, shangazi yake Swedi, na katika ukoo mzima wa mchumba wangu ndiye mtu pekee niliyekuwa namwogopa.

"Chausiku," Keren alininong'oneza kutoka nje. "Toka, sha. Bote banakungoja."

"Nakuja."

"Umesema hivyo mara tatu."

"Basi hii ni ya nne."

Keren ni rafiki yangu, mzaliwa wa Uvira, tunashona pamoja katika kibanda kimoja nyuma ya soko la Rumonge. Ukimwondoa mama na walionitibu, ndiye pekee aliyejua nilichokuwa naficha chini ya gauni. Na nilikuwa naficha kwa ufundi, msinichukulie hivi hivi. Kwa muda wa mwaka mmoja nilijishonea magauni marefu ya kuburuza chini, yenye pindo pana, hata wateja wangu wakaanza kuyataka. Nusu ya wasichana wa mtaa wetu leo wanafagia vumbi kwa magauni yao, wakidhani ni mtindo wa Bujumbura. Hakuna anayejua kwamba mtindo ule ulianzishwa na kidonda.

Nilitoka, nikanawa, nikaingia chumbani. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa. Mama alinitazama kwa jicho la kuniuliza kama nipo sawa, nami nikatazama pembeni kwa sababu sikuwa sawa hata kidogo. Ndoa ilikuwa Ijumaa, siku mbili tu mbele.

Mama Alimasi alikuwa ameketi katikati ya mkeka, na mbele yake bakuli la udongo lenye singo: unga wa mchele, manjano, liwa, karafuu, na kijiko cha mawese mapya, kama watu wa ukoo wao wanavyofanya. Kwao, singo huanza miguuni, na mkono wa kwanza ni wa shangazi wa bwana harusi. Anamsugua bibi harusi kutoka unyayo hadi goti, kwa nguvu, mpaka ngozi ing'ae. Wanasema ni kumtoa uchafu wa usichana. Kila mwanamke aliyepita mkono wa Mama Alimasi anajua kwamba pia ni kumkagua.

"Karibu, mutoto wangu," alisema. "Lete mguu."

Nilisimama pale pale mlangoni.

"Chausiku," mama alisema taratibu.

"Shangazi," nikasema, na sauti ilinitoka nyembamba mpaka nikajichukia, "mimi singo siwezi."

Mama Alimasi hakupandisha sauti. Alichukua sahani, akalifunika bakuli.

"Una mimba?"

"Hapana, shangazi."

"Basi uko na nini?"

Ningesema nini mbele ya wanawake tisa na majirani wote waliokuwa dirishani?

"Hii singo nimeitwanga siku mbili kwa hii mikono," alisema, akinionyesha viganja vilivyogeuka manjano. "Inakauka. Mupaka alasiri itakuwa imepasuka, haifai tena. Nitakaa hapa, sitaondoka. Mbele ya alasiri utakuja uniambie. Ukikosa kuja, nitapigia kaka yangu simu, nitamwambia ile maneno imekwisha. Muntu anaficha mwili siku ya singo, iko anaficha kitu kitatutesa kesho."

Akakunja miguu yake pale pale mkekani. Najua watu wanaopiga kelele na najua namna ya kuwajibu. Huyu sikuijua namna yake.

Acha niseme habari ya kidonda, maana nimeanza kukitaja na sipendi kuwaweka watu kwenye moshi.

Miaka miwili sasa tumbo langu halitulii. Linakata, linaunguruma, linaniamuru niondoke, na likisema sasa ni sasa. Kuna siku damu. Naijua barabara ya Rumonge hadi Bujumbura kwa vyoo vyake kuliko dereva anavyoijua kwa kona zake. Nilikuwa nimejifunza kula kidogo, kukaa karibu na mlango, na kucheka huku nimebana. Na kila tumbo lilipochafuka, uvimbe ulinitokea kwenye miundi ya miguu, mwekundu, wa moto, unaouma hata shuka likiugusa. Ulikaa wiki mbili tatu, ukaondoka.

Mmoja haukuondoka, kwa sababu mama aliuona. Mama ananipenda. Alichukua lile jiwe la kusugulia nyayo, na ndimu, akanisugua muundi wa kushoto mpaka ukachubuka, akisema uchafu wa damu lazima utoke. Pakawa kidonda. Nikapelekwa kwa Pontiani, muuguzi wa zahanati ya jirani, kijana mwenye roho nzuri na mikono safi. Kila asubuhi alinikata nyama iliyooza, akaniomba radhi, akanifunga. Siku kumi alikata, na siku kumi kidonda kilipanuka, kingo zake zikawa za zambarau, hadi kikawa sawa na kiganja changu. Mama akasema hiyo ni karuho, ile sumu wanayotiliana watu wa wivu, akanipeleka kwa bibi mmoja wa Kabonga akanitapisha siku nzima. Nilirudi mwembamba zaidi, na kidonda kipo.

Ni Keren aliyenikokota hadi Bujumbura, kwa daktari mmoja anayeitwa Bahizire, mama wa Kikongomani mwenye miwani na maneno machache. Alikitazama kidonda bila kukigusa, kisha akaniuliza choo changu kikoje.

"Nimekuja juu ya mguu, dokta."

"Mguu nimeuona. Nakuuliza tumbo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza vitu hivyo viwili siku moja. Wakanipima, wakanipitishia kamera, na dokta Bahizire akaniambia kwamba utumbo wangu mpana umevimba na una vidonda ndani, na kwamba ngozi yangu inaufuata utumbo. Si sumu, akasema, si ukimwi, hujarogwa, wala humwambukizi mtu. Meza vidonge, tumbo litulie, na kidonda kitaanza kujifunga chenyewe. "Lakini kisikwanguliwe," akaniambia, akinyoosha kidole. "Kisisuguliwe, kisikatwe. Hiki ukikichokoza kinakula mbele." Miezi mitatu ya vidonge, na kilikuwa kimepungua kutoka kiganja hadi ukubwa wa yai la kuku. Na sasa shangazi mtu alikuwa ameketi nyumbani kwetu na bakuli la kunisugulia.

Mtauliza kwa nini sikumwambia Swedi. Niulizeni na mimi. Mwanamume amekutazama sokoni wiki nne mfululizo kabla ya kupata ujasiri wa kukuletea suruali isiyo na hata uzi uliofumuka, akasema naomba uishone. Mwanamume huyo akikutazama, unajiona umenyooka. Unaanzia wapi kumwambia habari za choo? Kila nilipofungua mdomo niliona uso wake utakavyobadilika, nikaufunga. Nilimpenda kupita kiasi, na hapo ndipo nilipopotelea.

Hivyo nilipotoka chumbani asubuhi ile, nilikuwa nimeamua. Nitamwacha mimi kabla hawajaniacha wao. Keren alinifuata hadi barabarani.

"Unaenda wapi?"

"Gatete. Kumwambia Swedi ndoa haipo."

"Utamwambia juu ya nini?"

"Nitatafuta la kumwambia njiani."

"Umwambie ukweli, Chausiku. Ukweli hauna kazi mingi."

Nilipanda pikipiki. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, limetulia, likinikera kwa utulivu wake. Nilimsimamisha dereva mara moja kabla ya kufika, kwenye nyumba ya watu nisiowajua, na niliporudi nikamkuta ananitazama kwa huruma. Nikamwambia aendeshe, asinitazame.

Swedi ana mashine ya kukamua mawese pale Gatete, yeye na wafanyakazi wake watatu. Nilimkuta kwenye pipa la machikichi yanayochemka, amevaa buti za mpira, shati limeingia rangi ya chungwa mpaka kwapani. Aliponiona hakutabasamu. Alimpa mwenzake mwiko mrefu wa kukorogea, akaja.

"Shangazi amenipigia," alisema. "Umekataa singo."

"Nimekataa."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu ndoa haipo tena."

Alijipangusa mikono kwenye suruali, upande mmoja, halafu mwingine, halafu tena ule wa kwanza. Nilitaka kumshika mikono ile itulie.

"Nimekukosea?"

"Hapana."

"Mama yangu amekukosea?"

"Hakuna aliyenikosea, Swedi. Sikutaki tu."

"Nitazame useme."

Sikumtazama. Nilitembea hadi kwenye rundo la makapi, nikarudi, nikaenda tena. Wafanyakazi wakajifanya wana kazi nyingi ghafla.

"Simama sehemu moja, Chausiku. Tunaongea."

"Siwezi kusimama."

"Haujawahi kusimama. Tangu nakujua, nikianza neno uko mulangoni." Alivuta pumzi. "Nilisema sitauliza. Sasa nauliza. Kila Alhamisi unaendaka Buja. Alimasi, mutoto wa shangazi, alikuona Kabezi. Ulishuka mu basi mbio, ukaingia nyumba ya watu, nyuma ya pale wanauzisha mikate. Ukakaa mule. Basi ikakuacha. Aliniambia, nikamwambia nyamaza. Wiki tatu nimenyamaza. Mule kuna nani?"

Ningeweza kucheka. Mule kuna mama mmoja mnene, muuza mikate, ananiachia ufunguo wa choo chake tangu siku aliponikuta nalia nyuma ya ukuta. Lakini Swedi alikuwa amenipa mlango, na mimi nikautumia.

"Mwanamume," nilisema.

Aliinamisha kichwa. Hakuniita jina lolote baya. Kama angenitukana ningepata nguvu ya kuondoka.

"Unamupenda?"

"Ndiyo."

"Sawa," akasema. "Basi sawa. Nitamwambia shangazi ni mimi nimekataa, wasikuseme. Nenda."

Hapo ndipo ningegeuka na kuondoka na uongo wangu. Nilikuwa nimeshageuka. Tumbo likakata. Halikukata kwa kunionya, lilikata kwa kuamuru, na jasho likanitoka mgongoni, nikakunjamana nikishika mti wa kibanda. Barabara ilikuwa mbali. Pikipiki ilikwishaondoka. Nilimsikia Swedi akiita jina langu, kisha nikausikia mkono wake mgongoni.

"Njo," alisema.

"Niache."

"Njo, Chausiku. Karibu. Ni hapa."

Hakuuliza kitu. Alinishika kiwiko akanipeleka karibu kwa kukimbia kupitia migomba, hadi kwenye nyumba mpya aliyotujengea, ambayo alinikataza kuiona mpaka Ijumaa. Alisukuma mlango, akanipitisha sebuleni ambako kulikuwa na mifuko ya saruji, akanipitisha chumba chenye kitanda kisicho na godoro, akafungua mlango wa pili ndani ya chumba hicho hicho. "Ingia," akasema, na nikasikia hatua zake zikirudi haraka hadi nje, mbali, ili nisione aibu.

Kilikuwa choo. Cha ndani. Kina sakafu laini, pipa la maji lililojaa, kopo, sabuni mpya bado katika karatasi yake. Kina kidirisha cha kuingiza upepo. Na ukutani palikuwa na ndoano ya kutundikia gauni, iliyopigiliwa kwenye kimo cha bega langu. Swedi ni mrefu. Bega lake liko juu sana ya pale.

Nililia humo ndani kuliko nilivyowahi kulia. Nilipotoka nilipiga hatua kutoka mlango wa choo hadi kitandani. Zilikuwa tatu.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya nje, mlango wa mbele ameuacha wazi kabisa ili wafanyakazi waone kwamba hakuna baya. Nilisimama nyuma yake.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua tumbo." Hakugeuka. "Siku ya Idi kwa mama, ulitoka mara sita. Kwa arusi ya Hamidu, mara nne, na haukukula kitu. Nikasema huyu tumbo linamutesa na anaona haya. Nikimuuliza atakimbia. Nikajenga."

"Ndani ya nyumba? Watu wako walisema nini?"

"Shangazi alikuja kuona fundi iko anachimba. Alisema nimeingiza uchafu pembeni ya kitanda, hakuna muntu wa ukoo wetu amefanya hivyo. Aliniita mujinga mbele ya watu wa kazi. Mwezi muzima haniongeleshi. Leo asubuhi ndiyo mara ya kwanza amepiga, na ilikuwa ni kuniambia umekataa."

Nilikaa kwenye ngazi, nikimwachia nafasi ya mtu mmoja kati yetu.

"Kabezi hakuna mwanamume," nilisema. "Kuna mama anauza mikate. Ananiachia ufunguo wa choo."

Mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko kilichomponyoka, akakikata katikati.

"Na Buja?"

"Dokta."

"Sasa juu ya nini unakataa singo? Singo na tumbo, wapi na wapi?"

Nilitazama mikono yangu. Nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kumbakisha na nusu ya ukweli, ile nusu aliyokwisha kuizoea. Nikashika pindo la gauni langu pana, nikalipandisha hadi gotini, nikafungua kitambaa.

Swedi alitazama. Uso wake ulibadilika, sitawadanganya. Aliona kile kidonda na kingo zake za zambarau, na makovu meusi ya uvimbe wa zamani kwenye miguu yote miwili, na rangi ikamtoka.

"Tangu lini?"

"Mwaka."

"Mwaka muzima." Alisimama. "Ulikuwa unakuja kwetu na hii. Ulikuwa unacheza ngoma kwa Hamidu na hii."

"Ndiyo."

"Na asubuhi hii umekuja kuniambia uko na mwanamume. Ulipenda nikuone malaya kuliko nikuone mugonjwa."

"Ndiyo," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Akaondoka. Alitembea hadi kwenye bomba la uani, amenipa mgongo, na mimi nikabaki na mguu wangu wazi kwenye ngazi ya nyumba ambayo nilikuwa na hakika sitalala ndani yake hata siku moja. Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Nilihesabu migomba nikapoteza hesabu. Maji yalikuwa yanatoka, yanatoka tu, na sikuelewa anafanya nini muda wote huo. Aliporudi niliona. Alikuwa amejisugua mikono kwa sabuni hadi mawese yote yametoka, hata kwenye kucha.

"Usiguse," nikasema haraka.

"Sigusi. Nataka kuona." Akachuchumaa mbele yangu, akakitazama kwa karibu kama anavyotazama mashine iliyogoma. "Nani alikikwangua?"

"Kila mtu aliyenipenda. Mama kwa jiwe. Pontiani kwa wembe wake. Kila mmoja alitaka kukisafisha, na kila aliyekisafisha alikiongeza. Ndiyo maana siwezi singo, Swedi. Shangazi yako ataanza na mguu huu."

"Dokta anasema ni nini?"

"Tumbo. Anasema mguu unalifuata tumbo. Tumbo likitulia, na mguu unatulia. Si magonjwa mawili. Ni mmoja."

"Ugonjwa mumoja."

"Ndiyo."

Alikuwa bado amechuchumaa.

"Kama ni mumoja," alisema, "basi huo nimekwisha kuujengea nyumba."

Nilijifunika uso kwa mikono yote miwili. Hakunigusa, ila alikaa karibu, na nafasi ile ya mtu mmoja haikuwepo tena. Alikuwa bado amekasirika, nilikuwa naisikia hasira katika pumzi zake, na nilimpenda pamoja nayo.

"Utamwambia shangazi?" nikamuuliza baadaye.

"Mimi? Singo ni ya wanawake. Nikiingia mule atanipiga na bakuli. Utamwambia wewe."

"Akikataa?"

"Akikataa nitakuoa bila singo, na atanuna miaka kumi. Lakini umwambie. Mimi nimechoka kuhesabu umetoka mara ngapi. Nataka uniambie mwenyewe."

Aliniitia pikipiki. Saa nane na nusu nilikuwa uani kwa mama. Wanawake walikuwa wamechoka kungoja, wengine wanachambua mchele, wengine wanasinzia ukutani. Viatu vyao vilikuwa vimepangwa mlangoni. Mama Alimasi alikuwa mahali pale pale nilipomwacha, miguu amekunja, bakuli mbele yake.

Sikuketi. Ningeketi ningeogopa. Nilisimama mbele yake, nikapandisha gauni, nikafungua kitambaa.

Mmoja wa wanawake akasema yoo, akajiziba mdomo. Mama yangu alitoka nje, na najua alikuwa anaenda kulia kwa ajili ya lile jiwe. Mama Alimasi alivaa miwani yake iliyokuwa imening'inia kifuani. Alitazama kwa muda mrefu.

"Inaambukiza?"

"Hapana, shangazi. Inatoka tumboni kwangu. Utumbo umevimba, na ngozi inaufuata."

"Utazaa?"

"Dokta anasema nitazaa, mradi tumbo liwe limetulia."

"Utapona?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Nikampa la kweli.

"Kidonda kitafunga. Tumbo ni la kuishi nalo. Kuna miezi litakaa kimya, kuna miezi litarudi. Nitameza vidonge na nitaenda chooni mara nyingi, hata mkiwa na wageni. Na mguu huu hausuguliwi. Ukiusugua unakula mbele."

"Na Swedi anajua?"

"Mguu ameujua leo mchana. Tumbo alilijua tangu Idi, bila kuambiwa."

Aligeuza kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka mbali.

"Ile choo," alisema.

"Ndiyo, shangazi."

"Ile choo ya ndani."

"Hatua tatu kutoka kitandani."

Mama Alimasi akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya kitenge, akaivaa tena, akaivua. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona mikono yake ikikosa la kufanya.

"Nilimwita mujinga," aliwaambia wanawake wote bila kumlenga hata mmoja. "Mbele ya watu wake wa kazi. Na yeye akanyamaza, hakusema ni juu ya nani." Kisha akanigeukia, na sauti yake ikarudi ilivyokuwa. "Na wewe. Umeniacha hapa tangu asubuhi na singo inakauka. Leta maji ya waridi, Keren."

Keren alileta mbio. Mama Alimasi akafunua bakuli. Singo ilikuwa imeanza kupasuka pembeni. Akaimiminia maji tone kwa tone, akaikanda upya kwa vidole.

"Lakini singo yetu inaanzaka miguuni," alisema mwanamke mmoja mzee kutoka ukutani. "Ikianza kwingine si vizuri."

"Mwenye kuanza ni nani?"

"Ni wewe."

"Basi inaanza pale mukono wangu unaanza." Akachukua kanga safi, mpya, akaitandaza juu ya miundi yangu bila kuikandamiza. "Hapa hapasuguliwi. Leo hapana, na siku ya Ijumaa hapana, na mule nyumbani kwake hapana. Atakayepitisha mukono hapa atanikuta mimi. Kaa chini, mutoto. Lete mukono."

Nilikaa. Alinishika mkono wa kulia, akaupaka kutoka vidoleni, na mkono wake ulikuwa mzito na wa moto, na harufu ya karafuu ikanipanda kichwani. Keren akaanzisha wimbo vibaya, wakamcheka, wakaushika vizuri. Tulikuwa tumefika kiwiko wakati tumbo liliponikata.

Mwili wangu ulikwishajifunza la kufanya: kutabasamu, kusingizia simu, kuteleza pembeni ya ukuta. Nilianza kuteleza. Kisha nikaacha.

"Shangazi," nikasema, na wimbo ukakatika, "ningoje kidogo. Naenda chooni."

"Nenda. Usiharakishe, utaanguka na hiyo kanga."

Nilikatisha ua polepole, mkono mmoja umepakwa manjano hadi kiwikoni. Nikajifungia. Nyuma yangu nilisikia Mama Alimasi akimuuliza Keren jina la fundi aliyejenga kule Gatete, na kama bado anapatikana, kwa sababu magoti yake mwenyewe yamechoka kuvuka ua. Niliinama nikachungulia tundu la chini la mlango wa bati, nikahesabu viatu vilivyopangwa mlangoni kuona kama kuna aliyeondoka. Vilikuwa jozi tisa.